Kichaka, Mwambie Mkwe Wangu

Nchi yetu msiitafute kwenye ramani. Jina haijapata bado, kwa sababu kamati iliyoteuliwa kulitafuta ilisafiri kwenda kuona nchi nyingine zilipataje majina yao, na kwa posho nono kama zile hakuna mjumbe mwenye haraka ya kurudi. Kwa sasa tunaiita "nchi yetu," nayo inaitika. Ina barabara kuu moja tu, inayoanzia Makao Makuu, ikavuka nyika mchana kutwa, ikaishia kwenye mji uitwao Mwisho wa Lami, ambako lami kweli inaishia. Katikati pana mahali panaitwa Nusu Njia. Hapo hakai mtu.

Mimi naitwa Ligambo. Cheo changu cha sasa nitakitaja mwishoni, msije mkanicheka mapema. Wakati wa mambo haya nilikuwa Mkurugenzi wa Afya na Starehe ya Msafiri katika Wizara ya Safari Njema, na nilikuwa na kiti kinachozunguka.

Wizara hiyo ilizaliwa siku Mkuu wa Nchi aliporudi kutoka ng'ambo miguu imemvimba kwa kukaa sana kwenye ndege. Viatu vilikataa kuingia. Akashuka ngazi na soksi, akakagua gwaride na soksi, akahutubia taifa na soksi. Sisi tukadhani ndiyo fasheni, na wiki ile wakuu wa shule wote walikwenda kazini na soksi. Ilipokuja kujulikana kwamba ni uvimbe wa safari tu, ikaamuliwa kwamba jambo kama lile lisimpate tena raia yeyote, hata yule asiye na viatu. Ndipo tukaundiwa wizara.

Nilichaguliwa mimi kwa sababu daktari wa serikali alipotupima watumishi wote alinikuta mzima kupita wengine. Hakuniuliza siri ya uzima wangu, nami sikuona haja ya kumwambia kwamba sijawahi kusafiri. Nimezaliwa Makao Makuu, nimesoma Makao Makuu, nimeoa Makao Makuu. Mke wangu, Zamoyoni, kwao ni Mwisho wa Lami, lakini ndoa tulifungia mjini, na mama yake, Bi Siwatu, nilimwona siku ile tu, kwa pembeni, macho chini, kama adabu inavyotaka. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawapeani mikono, hawali sahani moja. Kila mwaka mke wangu alinisuta, "Mkwe gani wewe hujui hata njia ya ukweni?" Nami nilimjibu kila mwaka kwamba kazi ya safari hainipi nafasi ya kusafiri.

*

Kwa kuwa sikuwa na uzoefu wowote wa kunichanganya, mwongozo wangu wa afya ya msafiri niliuandika upesi sana. Msafiri, nilisema, avae nguo pana na viatu vilivyokwisha kumzoea. Anyooshe miguu mara kwa mara. Ale matunda aliyoyamenya mwenyewe. Akishikwa na kichefuchefu anyonye ndimu na kutazama mbali. Juu ya yote anywe maji, maji mengi, anywe kabla hajasikia kiu. Redio ya taifa ikanipa kipindi cha alfajiri, nikawa napaza sauti: "Kunywa maji, ndugu msafiri! Maji ndiyo gari la damu!" Kisha inapigwa kengele. Watoto wa mtaani wakaniita Bwana Maji Mengi, nami kwa ujinga wangu nikawa nawapungia mkono.

Bahati mbaya wananchi walinisikiliza. Watu wa nchi yetu wana kawaida ya kuipuuza serikali, na wizara zote hupanga kazi zikitegemea hilo. Safari hii wakatii. Abiria walipanda mabasi wamekumbatia chupa na vidumu, wakanywa kwa uzalendo, na basi la Mwisho wa Lami, lililozoea kusimama mara moja tu kwa kuchimba dawa, likawa linasimama kila kilima.

Kuchimba dawa, kwa msomaji asiyewahi kupanda basi la mbali, na mimi nilikuwa mwenzenu, ni pale basi linaposimama porini, abiria wakashuka na kutawanyika vichakani, kisha kila mmoja akarudi bila mzizi wala jani, ila uso umetulia.

Wenye mabasi wakalalamika. Kisha mgeni mmoja mkubwa wa kimataifa alipita barabara ile ndani ya gari la vioo vyeusi, akaona migongo ya wananchi imepangwa kandokando ya lami, akadhani ni namna yetu ya kupokea wageni, akashusha kioo akapunga mkono. Tuliaibika. Kikao kikaitwa. Karani mmoja akapendekeza tujenge vyoo, akaambiwa asubiri kipengele cha mengineyo, na kabla ya mengineyo chai ikaletwa. Waraka niliuandika mimi mwenyewe: kuchimba dawa ni marufuku kwenye barabara kuu. Mwongozo ukawa umekamilika pande zote mbili. Kunywa ilikuwa lazima, kushuka ilikuwa kosa. Nilizunguka na kiti changu mara kadhaa kwa furaha.

Manung'uniko yalipozidi, na uchaguzi nao ukikaribia, serikali ikakubali kujenga choo kimoja. Kikawekwa Nusu Njia, ili pasiwe na upande utakaosema umeonewa. Ujumbe mzito ulikwenda ng'ambo kuvitazama vyoo vya wenzetu. Mimi nilibaki kuandika ripoti ya ziara hiyo, ili wakirudi waikute tayari.

Choo kilikuwa kizuri, sitaki kusema uongo. Marumaru chini, bati jekundu juu, upande wa wanaume, upande wa wanawake, na katikati mlango wa viongozi, ndani yake pana sofa. Kilipokamilika kikafungwa utepe kusubiri mgeni rasmi, na mgeni rasmi, kama mjuavyo, ni mtu mwenye shughuli. Nikatoa amri kwamba mtu yeyote asikiguse mpaka kifunguliwe, nikaweka askari mlangoni. Utepe ulipauka juani, tukaubadilisha, nao ukapauka. Wasafiri waliendelea kujificha kwenye vichaka vya nyuma yake, wakihofia faini, wakikitazama choo cha taifa lao kwa mbali.

*

Hatimaye Waziri wetu, Mheshimiwa Profesa Lukumbo, akapata nafasi. Akaniita ofisini kwake.

"Ligambo," akasema, "Katibu Mkuu anastaafu. Nataka kiti chake nikimpe mtu mwenye subira. Mtu anayeweza kukaa na jambo lake ndani, asilitoe ovyo ovyo."

"Mheshimiwa, mimi ni mtu wa kukaa na mambo."

"Tutaona. Kesho unanisindikiza Nusu Njia. Nitakuwa nakutazama."

Akaniagiza pia nimwandikie hotuba. Waziri wetu hotuba hakuwa akiisoma kabla. Aliiweka kiganjani akaipima, kama mtu anayenunua samaki, na ikiwa nyepesi alikurudishia. Nilikitaka kile kiti cha Katibu Mkuu, wasomaji wangu, nilikitaka mpaka nikakiota, kwa maana kile mbali na kuzunguka kinaegemea pia nyuma. Kwa hiyo nikaandika kama mtu anayelipwa kwa kilo. Niliandika juu ya figo, juu ya kibofu, juu ya madhara ya kujibana, na kila penye hoja nzuri nikaweka alama kwamba Mheshimiwa arudie.

Asubuhi, nikivaa, mke wangu akasimama mlangoni na kikombe cha uji.

"Leo mama anakuja. Kaondoka na basi la alfajiri kutoka nyumbani. Ana sukari, anakuja kliniki. Jioni nataka akukute hapa mlangoni, umetulia, una adabu, vifungo vyote umefunga."

"Nitakuwepo."

"Uwepo kweli. Mama husema nimeolewa na redio."

*

Nilipanda gari la pili la msafara. Nyuma tulikaa mimi na Bwana Ulimboka, Afisa Itifaki, mtu mwembamba anayejua nani atangulie kupiga chafya. Mbele alikuwa dereva, Chande, na mpiga picha wa televisheni aliyegeuza kamera ikanitazama mimi.

Mwongozo wangu unasema nguo pana. Itifaki inasema suti. Mwongozo wangu unasema viatu vilivyokuzoea. Mimi nilinunua vipya kwa ajili ya Waziri, navyo viliniuma kabla hatujautoka mji. Kunyoosha miguu sikuweza, maana miguu ya Bwana Ulimboka ilikuwa imetangulia kufika. Sharti moja tu nililitimiza sawasawa. Kila mpiga picha alipowasha kamera yake, nilinyanyua chupa nikanywa, nikasema, "Kunywa maji, ndugu msafiri!" Alipenda sana ile picha. Akaomba niirudie penye mwanga mzuri, kisha penye mlima, kisha penye twiga.

Baada ya twiga nilianza kujisikia vibaya. Kwanza tumbo, kwa sababu gari la serikali likienda kasi huyumba, na ndimu niliyoinyonya ilinifanya nitamani kutapika kwa ladha ya ndimu. Halafu tumbo likatulia, na maji yakaanza kudai haki yao.

"Bwana Ulimboka," nikasema, "hatuwezi kusimama kidogo?"

"Kwa shughuli gani?"

"Ya kawaida tu."

"Mheshimiwa kasimama?"

"Hajasimama."

"Basi hakuna mwenye shughuli."

"Lakini Mheshimiwa naye ni binadamu. Atakuwa na haja."

Bwana Ulimboka aliniangalia kwa huruma. "Mheshimiwa hana haja, Mkurugenzi. Ana majukumu."

Chande alinitazama kwenye kioo chake, akataka kusema neno, akaghairi. Nami nikakumbuka kiti kinachoegemea nyuma, nikapachika mguu juu ya mguu, nikaanza kuimba wimbo wa taifa kimoyomoyo. Niliuimba wote, hata ule ubeti ambao hakuna anayeujua.

*

Nusu Njia, kama nilivyosema, hakai mtu, na sherehe bila watu si sherehe. Kwa hiyo polisi walikuwa wamesimamisha basi lililotangulia kupita, wakawashusha abiria, wakawapanga juani na bendera ndogo mikononi, wawe wananchi waliojitokeza kwa wingi. Lilikuwa basi lililotoka Mwisho wa Lami. Nililiona, wala sikuwaza lolote. Mtu aliyebanwa hawazi mbali.

Abiria wenyewe walikuwa wametulia kupita kiasi. Walisimama miguu imebana, mmoja anachezesha goti, mwingine kafumba macho. Mshereheshaji akasifu nidhamu yao kwenye kipaza sauti. Nyuma yao choo kilimeremeta, na utepe wake mpya ulipepea mlangoni.

Waziri akapanda jukwaani, akaipima hotuba kiganjani kwa mara ya mwisho, akatabasamu, akaanza.

"Ndugu wananchi! Kujibana ni adui wa figo! Narudia: kujibana ni adui wa figo!"

Wananchi walipiga makofi wakiwa wamebana magoti. Waziri akaeleza kibofu ni nini. Akaeleza mto wetu mkubwa unavyotiririka bila kizuizi, akawataka wananchi wauige. Hiyo ya mto niliiandika mimi, na usiku ule niliona ni kitu kizuri sana kifasihi. Pale juani kila neno la mto lilinichoma kama sindano. Nilihesabu moyoni kurasa zilizobaki na nikamlaani aliyeziandika.

Nikajivuta polepole mpaka mlangoni kwa askari.

"Kijana, nifungulie nichungulie ndani. Ukaguzi."

"Haiwezekani mzee. Mpaka utepe ukatwe."

"Nani kasema?"

"Amri ya Mkurugenzi wa Starehe."

"Ndiye mimi!"

Akapiga saluti. "Basi unaijua, mzee."

Amri ilikuwa imeandikwa vizuri mno, haikuacha mwanya. Nikarudi mahali pangu, Waziri akawa anakaribia ukurasa wa mwisho, nami nikaanza kuona nuru. Ndipo mpiga picha akanyanyua mkono. Sauti haikuingia. Alikuwa ametumia betri nyingi kwa yule twiga.

"Hakuna tabu," akasema Waziri, na akageuza kurasa zote chali. "Ndugu wananchi! Kujibana ni adui wa figo!"

Abiria mmoja aliguna kwa uchungu kabisa. Mimi niliinama kama mtu aliyeangusha peni, nikapita nyuma ya jukwaa, nikapita nyuma ya magari, na nilipoona hakuna anayenitazama nikakimbilia vichakani, katika lile kosa nililolipiga marufuku kwa saini yangu.

*

Pale penye vichaka njia ya miguu inagawanyika mara mbili, kushoto na kulia. Nikaenda kulia kwa sababu kulikuwa na majani mengi zaidi. Nikafika nyuma ya kichaka kipana, kifungo cha juu nikakifungua, nikashika cha pili, na upande wa pili wa kichaka mtu akakohoa.

Mbele yangu, akiwa ndiyo kwanza anakunja kanga yake, alisimama Bi Siwatu, sura ile ile ya picha iliyotundikwa sebuleni kwetu.

Mdomo wangu ulitangulia akili. "Shikamoo, mama."

"Marahaba," akajibu, naye kwa mazoea tu. Kisha akanitambua.

Sijui kama kuna lugha yenye neno la aibu ile. Aligeuka akanipa mgongo. Nami nikageuka nikampa mgongo, mikono yote miwili kwenye suruali. Kwa desturi yetu hakuna tena ambaye angeweza kufanya alilokuja kulifanya, si yeye wala mimi, hata kama tungekufa pale. Yeye alikuwa mgonjwa wa sukari aliyetoka nyumbani alfajiri, na asingeweza kupiga hatua nyingi kutafuta kichaka kingine. Kwa muda tulisikia tu kipaza sauti kikisifu mto.

Mama mkwe akiwa na jambo zito la kumwambia mkwe wake, na hakuna mtu wa tatu, hukitumia chochote kilicho karibu. Bi Siwatu alikitumia kile kichaka.

"Kichaka," akasema, "mwambie mkwe wangu huku ni kwa wanawake. Wanaume ni kushoto. Hata mtoto anayebebwa mgongoni anajua."

"Kichaka," nikajibu, koo limenikauka pamoja na maji yote yale, "mwambie mama anisamehe. Sikujua. Sijawahi kupanda basi."

Nilisikia kanga yake ikikazwa upya.

"Kichaka, hebu muulize tena. Si ndiye anayetufundisha safari kila alfajiri?"

"Kichaka, mwambie mama ndiye mimi."

"Anayesema tunywe maji kabla ya kiu?"

"Ndiye."

"Mwambie nilikunywa. Nilikunywa kwa ajili yake. Majirani wanamcheka, mimi nasema huyo ni mkwe wangu, acheni nimsikilize. Nikanywa toka basi linaondoka. Kila nikiomba dereva asimame, anasema kuna waraka. Na pale kuna nyumba nzuri ina milango. Muulize ni ya nani."

"Ni yetu sote, mama. Ya wasafiri."

"Nani kaifunga?"

Ningeweza kusema serikali. Kazini kwetu hilo ndilo jibu la kila kitu. Lakini kichaka kilikuwa kinasubiri.

"Mimi," nikasema.

"Kichaka, mwambie akaifungue. Sasa hivi. Mkwe na mkwe hawakutani vichakani. Na umwambie afunge kifungo kwanza."

*

Nilitoka pale nikiwa nimebanwa kuliko nilivyoingia, lakini safari hii sikuinama. Nilipita mbele ya jukwaa. Waziri alikuwa mtoni tena. Kwenye meza kulikuwa na sinia, juu yake mto mdogo wa mahameli, juu ya mto mkasi. Nikauchukua.

"Mkurugenzi!" Bwana Ulimboka alinong'ona kwa ukali. "Bado ukurasa! Hata makofi ya mwisho hayajapigwa!"

Nikamfikia askari. "Natengua amri," nikamwambia, na nikakata utepe.

Kipaza sauti kikanyamaza. Waziri aliutazama utepe ulioanguka, akanitazama mimi, na nikaona kiti kinachoegemea nyuma kikiondoka peke yake na magurudumu yake. Nilingoja radi. Badala yake Mheshimiwa aliweka hotuba chini, akashuka jukwaani kwa mwendo wa heshima, kisha kwa mwendo wa kasi, na alipofika kwenye marumaru alikuwa anakimbia. Akaingia mlango wa viongozi bila kusalimu mtu. Naye alikuwa amekunywa maji njia nzima kwa sababu gari lake lilikuwa na kamera yake.

Bwana Ulimboka akamfuata, akipigana na nafsi yake asimpite. Kisha walinzi. Kisha bendera zote zikaanguka chini kwa pamoja na wananchi waliojitokeza kwa wingi wakajitokeza kweli. Bi Siwatu alitoka vichakani akiwa ameshika kanga yake, akajiweka mbele ya wanawake wenzake, akaingia upande wao, akawakuta humo walinzi wawili wa Waziri. Walitoka haraka kuliko walivyoingia.

Nilibaki uwanjani peke yangu na mkasi. Foleni ya wanaume ilikuwa ndefu, na ili uipange ilibidi usimame ukitazamana na foleni ya wanawake, ambako mama mkwe wangu alikuwa anasaidia wazee wapite kwanza. Nikamfuata Chande kwenye gari.

"Chande, ukitokea hapa, wanaume ni upande gani?"

"Kushoto, bosi." Alinishangaa. "Wewe hujui?"

Nikaenda kushoto. Mimi niliyekifungua choo cha kwanza cha wasafiri katika nchi yetu nilikuwa mtu pekee siku ile aliyechimba dawa, na namshukuru Mungu kwa kila tone.

*

Magazeti yaliandika kwamba Waziri amefungua choo kwa vitendo. Kiti cha Katibu Mkuu alipewa Bwana Ulimboka, kwa kuwa alionekana na mashahidi wengi akisubiri zamu yake nje ya mlango wa viongozi. Mimi Waziri aliniita tena.

"Ligambo, huna subira."

"Ni kweli, Mheshimiwa."

Ule waraka wa marufuku ulifutwa kimyakimya, na mimi nikapewa cheo kipya, ndicho hiki nilichowaficha: Msimamizi Mkuu wa Kituo cha Afya na Starehe ya Msafiri, Nusu Njia. Kwa maneno ya watu, mimi ndiye mwangalizi wa choo. Nilikuja huku kwa basi, mara ya kwanza maishani, na nilitapika mara nyingi kuliko nitakavyokiri hapa. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini, kisha akanifungia nguo pana na viatu vya zamani. Ofisi yangu ni ule mlango wa katikati. Sofa ninayo. Redioni bado wanarusha kanda yangu ya zamani kila siku, na basi linapoingia hapa naisikia sauti yangu dirishani ikiwahimiza wanywe, nami nachukua ndoo na ufagio nikajiandae kuwapokea.

Jioni ya ile sherehe nilikuwa nimemkuta Bi Siwatu kwetu ameshafika. Nilisimama mlangoni vifungo vyote nimefunga, naye alipotoka nje akapita pembeni, macho chini, na kwa siku zote alizokaa hakumwambia mwanawe neno juu ya kichaka. Ukimya ule uliniuma kuliko kelele. Kliniki ilipokwisha akapanda basi la kurudi kwao, nami nilikuwa ndiyo kwanza nimeripoti hapa.

Basi liliposimama niliiona kanga yake, nikajificha nyuma ya mlango wa ofisi, kwa adabu na kwa aibu. Nilisikia maji ya bomba yakitiririka upande wa wanawake. Kisha nyayo zikaja, zikasimama.

"Mlango," akasema, "mwambie mkwe wangu pasafi."

"Mlango," nikasema, "mwambie mama ahsante. Mwambie karibu tena."

"Mwambie nusu ya njia ya ukweni ameshafika." Honi ya basi ilikuwa inaita, lakini hakuwa na haraka. "Hiyo nusu iliyobaki asisubiri mgeni rasmi."

Jumamosi iliyofuata nikamwachia ufunguo yule askari, nikapanda basi la kwenda Mwisho wa Lami. Sikunywa hata tone.